Walipokosa Mlango Walipanda Darini
(Marko 2:1–12)



Twasoma habari za watu wanne waliomchukua mwenzao aliyepooza, wampeleke kwa Bwana Yesu huko Kapernaumu. Walipofika walikuta mlango umezibwa na watu. Hawakumrudisha nyumbani, bali walipanda juu, wakatoboa dari, wakamteremsha. Naye Bwana aliiangalia imani ya hao wachukuzi.

Neno hili twawaletea ninyi wa Tukuyu na Rungwe yote kwa ajili ya wenye saratani ya mapafu. Katika nchi yetu ya mvua na baridi, kikohozi hakimshtui mtu. Hukohoa mwezi baada ya mwezi, akisema, “Ni baridi ya mlimani.” Akianza kukonda na kutema damu, majirani hunong’ona habari za uchawi. Lakini mwenye kukohoa majuma mawili au zaidi imempasa kwenda kupimwa kifua kikuu, ambacho dawa zake hutolewa bure, nazo huponya wazitumiao mpaka mwisho. Huo ndio mlango wa kwanza, na ni mwema.

Walakini saratani ya mapafu hufanana sana na kifua kikuu: kikohozi, damu, maumivu ya kifua, kukonda. Kwa hiyo wako wanaopewa dawa za kifua kikuu, na miezi yapita bila nafuu. Hapo mlango umezibwa. Na hapo wengi hurudi nyumbani kungoja kufa.

Ndugu, msirudi! Mwombeni mganga wa Makandana, au wa hospitali yetu ya Itete, awape barua ya kwenda mbele: Mbeya, hata Ocean Road huko Dar es Salaam, nyumba iliyojengwa na Wadachi kabla ya mwaka 1900, na tangu 1996 ni taasisi ya saratani. Waganga hupiga picha ya kifua, huchukua kipande kidogo cha nyama ya pafu na kukichungua. Uvimbe ukiwa mdogo bado, huweza kuukata. Wengine hutibiwa kwa mionzi, wengine kwa dawa. Hatusemi ya kuwa wote hupona. Lakini wako waliopona, na awahiye ana tumaini kuliko achelewaye. Hata asiyeweza kuponywa hupunguziwa maumivu, asife katika mateso.

Tabibu asomaye picha, mwuguzi aketiye na mgonjwa usiku, mpimaji wa damu: hao nao ni wachukuzi, na kazi yao ni huruma ya Mungu katika mikono ya watu. Mtu asiseme kwamba kwenda kwao ni kupungukiwa na imani. Wale wanne waliamini, ndiyo maana wakainua godoro.

Pembe moja ya godoro ni yetu sisi washarika. Nauli mpaka pwani ni nzito. Matibabu huchukua majuma mengi. Watoto, migomba na ng’ombe hubaki nyuma. Enyi walimu na wazee wa kanisa, msimwombee mgonjwa na kumwacha hapo. Ulizeni: Nani atafuatana naye? Nani atakama ng’ombe wake? Nani atawapikia watoto?

Tena, tumbaku ndiyo inayoleta ugonjwa huu kupita kitu kingine. Wavutao na waache, na vijana wasianze. Lakini mvutaji akiugua tusimwambie, “Umejitakia.” Wako nao wanaougua wasiovuta kamwe. Bwana hakumwuliza mwenye kupooza amepataje ugonjwa wake. Alimsamehe, kisha akamwinua.

Basi kila usharika na ujiulize mwezi huu: nyumbani mwa nani kuna kikohozi kisichokwisha? Twendeni huko, si kwa maneno tu, bali tukiwa tayari kuchukua. Bwana atutie nguvu mikononi. Amina.