Mdai Mlangoni

Mtu aliyemkopesha mwenziwe fedha za kujengea nyumba ana haki gani juu ya nyumba hiyo, na haki yake hukoma wapi? Yaweza kudhaniwa kwamba swali hili ni la makarani na mawakili peke yao. Lakini hapa Kanazi, mkoani Kagera, palipokuwa makao ya Mukama (mfalme) Kahigi wa Kihanja, ambapo nyumba husimama katikati ya migomba na mibuni, na makaburi ya wazee yako hatua chache tu kutoka ukutani, ni swali la imani kabla halijawa swali la sheria, kwa maana anayeweka kibanja, yaani nyumba na migomba yake, rehani haweki udongo na matofali peke yake, bali huweka na marehemu wake.

Jumamosi alasiri, tarehe 10 Septemba 2016, ardhi ya Kagera ilipotetemeka kwa nguvu ya 5.9, na kuta zilizojengwa kwa jasho la miaka zikapasuka katika muda usiotosha kutamka dua, wengi wetu tulijifunza kwamba mwenye nyumba wa asubuhi aweza kuwa mhitaji wa nyumba jioni ile ile, na kwamba bei ya saruji, nondo na mabati haimngojei mtu amalize kuomboleza. Hapo mkopo hugeuka kuwa rehema. Na hapo hapo taabu yake huanza.

Nasema taabu kwa sababu huruma isiyo na daftari tumekwisha kuijaribu. Benki ya Nyumba Tanzania iliundwa mwaka 1972 ili mtu wa kipato kidogo naye apate paa, na mwaka 1995 ikafungwa, ikiwa imelemewa, pamoja na mambo mengine, na madeni yasiyolipwa. Waliokopa wakaacha kulipa kwa makusudi hawakuidhulumu serikali, kama walivyopenda kujituliza. Walimdhulumu mtu ambaye hawakupata kumwona, aliyekuwa akingoja zamu yake, kwani fedha anayoirejesha huyu ndiyo msingi wa nyumba ya yule. Kwa hiyo afisa anayekataa kutoa fungu la pili la mkopo mpaka auone msingi kwa macho yake, na la tatu mpaka kuta zifike mahali pa kupaua, mimi simhesabu kuwa mtu mgumu wa moyo: ni wakili wa huyo asiyekuwapo, na ukaguzi wake ni sehemu ya amana.

Lakini amana hiyo ina mpaka, na mpaka wenyewe ni kizingiti. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inamkataza mdai kuingia nyumbani mwa mdaiwa ili ajichukulie rehani. Na asimame nje mpaka mwenyewe amtolee. Kurani, katika Suratun-Nur, inawakataza waumini kuingia nyumba za wengine bila ya kubisha hodi na kutoa salamu, na katika Suratul-Baqara inaamuru mdaiwa aliye katika dhiki apewe muhula mpaka apate wasaa. Maandiko hayo hayakumnyang'anya mdai haki yake. Yamemnyima ruhusa ya kumfedhehesha mtu mbele ya watoto wake.

Daftari nalo lina upofu wake. Ndani yake aliyekosa kulipa kwa hiana na aliyekosa kwa dhiki huandikwa kwa wino mmoja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume wala mke kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mwenzake, lakini karatasi haisemi kama saini ile ilitoka moyoni au ilitoka katika hofu. Na ni huku kwetu Kagera, wilayani Muleba, mama mmoja alikoshitakiwa na jamaa wa ukoo kwa kuuza shamba alilorithi kwa babaye, mpaka Jaji Mwalusanya alipoamua, mwaka 1990, kwamba haki yake ni sawa na ya mwanamume. Mambo kama hayo hujulikana kwa kwenda, kuketi na kusikiliza.

Msimu uliopita nilimwona afisa mikopo mmoja akipiga hodi kwa mjane ambaye marejesho yake yalikuwa yamesimama kwa miezi minne. Mama akamkaribisha ndani. Kijana akashukuru, akaketi kwenye benchi la nje. Mama akatoka na mfuko wa plastiki wenye stakabadhi za chama cha msingi, akamwonyesha kilo za kahawa alizouza mwaka juzi na za mwaka jana, kisha akamnyoshea kidole upande wa migomba iliyong'olewa kwa sababu ya mnyauko.

"Mwanangu, mimi sina mshahara," alisema. "Mwezi wangu ni kahawa."

Kijana alihesabu kimya, akazifuta tarehe za kila mwezi kwa mstari mmoja, akaandika Julai na Septemba, akamsomea polepole, kisha akampa kalamu.