Nguo ya Kuazima



Kila mwaka saa zinaporudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba, na giza kuanza kuingia hapa Birmingham kabla watu hawajatoka kazini, mimi hufungua kabati langu nikaguna. Limejaa, lakini sina cha kuvaa. Mna magauni manne ya harusi yaliyovaliwa mara moja moja, madera ya nyumbani, khanga alizonipa Mama, sare mbili za kazi, sketi nyeusi iliyogeuka kijivu kwa kufuliwa, na koti ambalo zipu yake ilikwisha kufa. Mwaka jana, baada ya kodi ya nyumba, gesi, na ada ya mtoto wa mdogo wangu kule nyumbani, zilinibakia pauni 40 za kujivalisha majira yote ya baridi.

Nilipozishika pauni hizo, lilinijia swali ambalo nadhani wengi wetu huku ughaibuni, hasa wanawake, tunalijua ingawa hatulisemi kwa sauti. Je, ni haki mtu kujinunulia blauzi ilhali fedha hizo hizo zingemnunulia mzee dawa nyumbani? Na kama ni haki, avae nini: kipya cha mkopo, au cha zamani kilichokwisha kuvaliwa na mwingine?

Nianze na hilo la kwanza. Kazi yangu ni kulea wazee. Kila asubuhi nawavalisha akina mama sita au saba, na baadhi yao wamevuka miaka 90. Yupo aliyesahau hata majina ya wanawe, lakini ukimvika blauzi asiyoipenda atakukatalia katakata, na hatoki chumbani bila shanga zake shingoni. Hakuna atakayemwona isipokuwa sisi wafanyakazi na wazee wenzake. Hajipambi kwa ajili ya mume wala jirani. Anachosema ni kwamba yeye bado ni mtu. Tangu nilipolielewa hilo, nimeacha kumwona mwanamke anayetaka kupendeza kuwa mpenda makuu. Kuvaa vizuri ni sehemu ya utu, nao utu hauwezi kungojeshwa hadi wote nyumbani watakaposhiba, maana siku hiyo tunaiomba lakini hatujaiona.

Basi, nikapanda basi namba 50 hadi Kings Heath, ambako barabara kuu ina maduka mengi ya hisani, yale ambayo sisi tunayaita chariti. Katika duka la tatu nikakutana na koti la sufu, rangi ya buluu iliyoiva, bitana nzima, vifungo vyote isipokuwa kimoja. Bei pauni 12. Nikalipima, likanikaa kama nimepimwa na fundi. Nilipogeuza ukosi ili nisome maelekezo ya kufua, nikaona kijitambaa cheupe kimeshonewa hapo, kimeandikwa jina la mwanamke.

Wale mnaofanya kazi kama yangu mmekwisha kuelewa. Katika nyumba za kulelea wazee nguo za wakazi huwekwa majina ili zisipotee, kwa kuwa hufuliwa pamoja. Na nguo ya namna hiyo kwa kawaida haifiki chariti mwenyewe akiwa hai. Nilisimama na lile koti mikononi kwa muda mrefu, mpaka mama wa dukani akaniuliza kama nahitaji msaada.

Nilikuwa nimerudi Lushoto, mwishoni mwa miaka ya 1980. Wa rika langu mtakumbuka kwamba enzi hizo mitumba tuliiita "kafa Ulaya", yaani mwenye nguo amekufa huko Ulaya ndipo nguo ikatufikia sisi. Nilikuwa darasa la tano, na kama mjuavyo, baridi ya Lushoto haina utani. Mama alininunulia sweta la namna hiyo gulioni, na wenzangu wakaniimbia njia nzima kwamba maiti atakuja usiku kulidai. Nilifika nyumbani nalia. Mama hakunibembeleza. Alisema, "Mwanangu, nimelilipia. Hakuna atakayekuja kulidai." Wakati ule sikumwelewa.

Kumbe nimetembea safari yote hii, nimevuka bahari, nikaja kusimama mwanzo kabisa wa njia ya lile sweta. Duka la Oxfam la Broad Street, mjini Oxford, lilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1940, na leo maduka ya namna hiyo yako karibu kila mji wa Uingereza. Watu huleta nguo bure, zikauzwa kwa bei ndogo, na fedha zikaenda kwenye kazi za hisani. Zisizopata mnunuzi huuzwa kwa kilo kwa wafanyabiashara wa nguo kuukuu, zikachambuliwa, zikafungwa marobota, na baadhi yake zikapakiwa melini hadi Mombasa na Dar es Salaam. Gikomba ya Nairobi, Owino ya Kampala na Karume ya Dar es Salaam zote zinaishi kwa mkondo huo.

Hapa sina budi kuungama jambo. Miaka michache iliyopita nilimtumia mdogo wangu, anayeishi Dar es Salaam, blauzi niliyoinunua chariti. Nikaifua, nikaipiga pasi, nikaifunga katika karatasi ya zawadi, nikamwambia nimeitoa duka kubwa la mjini. Wiki mbili baadaye akanipigia simu, anacheka hadi anakohoa. Kibandiko cha bei kilikuwa kimebaki ndani ya upindo: pauni 1 na senti 99. "Dada," akasema, "mbona hukuniambia kama unataka mtumba? Mimi Karume nafika alfajiri, belo likifunguliwa tu nachagua grade ya kwanza. Ningekuchagulia nikakutumia wewe!"

Tulicheka sote, lakini baada ya simu nilikaa kimya. Nguo ni zile zile. Yeye huzivaa kifua mbele na kuwatajia mashoga zake bei aliyoipata. Mimi, niliye karibu na chimbuko lake, naingia chariti kama mwizi, nachungulia kwanza kama hakuna Mswahili mwenzangu ndani. Nilikuwa naficha nini? Si nguo, bali habari kwamba maisha ya Ulaya si yale wanayoyadhania nyumbani.

Wahenga walituachia methali: nguo ya kuazima haisitiri matako. Kwa muda mrefu niliidhani inawasema wavaa mitumba. La hasha! Methali haikusema nguo kuukuu, imesema ya kuazima. Ubaya wa nguo ya kuazima si umri wake. Ni kwamba mwenyewe yupo, na siku yoyote aweza kuja kuichukua ukabaki uchi mbele za watu. Sasa tujiulize: katika makabati yetu, ni nguo ipi ya kuazima?

Mwaka wangu wa kwanza hapa, kwa kuwa niliogopa kuonekana masikini, nilijiandikisha kununua kwa katalogi. Nikachukua koti jipya la pauni 90, nilipe kidogo kidogo kila wiki. Nikapiga picha nalo kwenye theluji, nikaituma nyumbani, sifa zikamiminika. Nilichelewa malipo mara mbili, faini na riba zikapanda, na nilipomaliza kulipa, koti lilikuwa limekwisha kuchanika mfukoni. Ile ndiyo iliyokuwa nguo ya kuazima. Mwenyewe alikuwepo, na aliniandikia barua kila mwezi kunikumbusha. Siku hizi barua hazihitajiki, mambo ni ya "nunua sasa, lipa baadaye" kwenye simu ya mkononi, lakini matako ni yale yale.

Najua mwenzangu mmoja ataniuliza: kwa nini usinunue kipya cha bei rahisi? Hapa hapa Birmingham, mwaka 2019, Primark ilifungua duka lake kubwa kuliko yote duniani, na humo pauni 40 zinajaza mfuko. Ni kweli, na simlaumu mzazi mwenye watoto wanne anayekwenda huko. Ila mimi hukumbuka tarehe 24 Aprili 2013, lilipoanguka jengo la Rana Plaza karibu na Dhaka, Bangladesh, likaua watu zaidi ya 1,100, wengi wao wanawake washonaji. Walikuwa wakishonea kampuni nyingi za Ulaya na Marekani. Primark ilikuwa mojawapo, na baadaye ililipa fidia. Nguo mpya ikiwa rahisi mno, yupo mtu mahali fulani aliyelipa sehemu ya bei kwa niaba yangu. Huko nako ni kuazima, tena kwa mtu nisiyeweza kumrudishia.

Mwingine, mwenye hoja nzito zaidi, atasema mitumba inatudhalilisha kama watu, na imeua viwanda vyetu. Siwezi kuipuuza hoja hiyo. Nimezaliwa katika nchi iliyojivunia kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondolewe hatua kwa hatua. Marekani ikanuna. Nchi nyingine zikalegeza msimamo, Rwanda ikashikilia ushuru wake, na mwaka 2018 ikaondolewa nafasi ya kuuza nguo Marekani bila kutozwa ushuru. Taifa linayo haki ya kutaka kujivika lenyewe.

Tena historia yetu inajua thamani ya nguo mpya. Zanzibar ya karne ya 19, mtumwa alivaa merikani, kitambaa kisichotiwa rangi kilichopewa jina la nchi kilikotoka, au kaniki nyeusi. Sheria ilipofuta utumwa mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliziacha nguo hizo wakajifunga khanga za rangi na maua. Ni nani angethubutu kuwaambia hao kwamba kutamani kipya ni ubatili? Kila mmoja alikuwa anatangaza bila kusema neno kwamba yeye si mali ya mtu.

Ndiyo maana sisemi cha zamani ni bora kuliko kipya. Ninachouliza ni hiki: nguo niliyoivaa inasema nini juu yangu, na je, inasema kweli? Khanga ya mwanamke yule ilisema, "Mimi ni huru," na ilikuwa kweli. Koti langu la katalogi lilisema, "Mimi nimefanikiwa," na lilikuwa linadanganya, huku likinifanya mtumwa wa deni. Lile la chariti, lenye jina la marehemu ukosini, linasema, "Huyu amejivika kwa jasho lake." Hilo naweza kulivaa popote.

Kwa hiyo nililinunua. Na kwa kuwa mtaniuliza pauni 28 zilizobaki zilikwenda wapi, nawapa hesabu: blauzi mbili za pamba, pauni 6, sketi ya chini ya goti, pauni 4, sweta la kijani, pauni 5. Kisha nikashuka mjini, Rag Market, kwa maana ya Soko la Matambara, jina ambalo Waingereza hawalionei haya hata kidogo. Zipu, uzi na vifungo vikanigharimu pauni 3, na rangi ya kuchovya nguo pauni 7. Sketi yangu iliyopauka ikarudi nyeusi, zipu mpya ikafufua koti la zamani nikawa nalo la siku za mvua, na zikabaki pauni 3.

Niliyojifunza ni machache. Kagua kwapani, mishono na zipu kabla ya kutazama rangi. Nguo ya sufu inyanyue kwenye mwanga uone kama nondo hawajaitoboa. Kirefu hupunguzwa, lakini chenye kubana hakiongezeki, usijidanganye. Nunua koti mwezi Mei, wakati wenyewe wanayatoa. Na yale magauni ya harusi tuliyoyavaa mara moja, tukusanyane akina mama siku ya Jumapili tubadilishane, kwani wageni wa harusi ya mwezi ujao si wote walikuwepo kwenye ya mwezi uliopita.

Kile kijitambaa cha jina sikukifumua. Mwanzoni nilishika mkasi, kisha nikauweka chini. Mikono ya mtu kama mimi ilimvalisha mama yule koti hili asubuhi za baridi, akasimama mlangoni akiwa mtu kamili. Halinidai chochote, nami siogopi kwamba atakuja usiku.

Jumamosi iliyofuata nilipiga picha nikiwa nimelivaa, nikamtumia mdogo wangu pamoja na bei yake. Akajibu kwa ujumbe mfupi: "Grade ya kwanza hiyo, Dada. Umelipia ngapi kweli?" Nikamwandikia: pauni 12, na zote nimelipa.

Wasalaam.