Kuni Mbili za Mjane

Somo: 1 Wafalme 17:8–16



Nabii Eliya alikuwa mkimbizi. Alimkimbia mfalme Ahabu akafika Sarepta, nchi ya watu wengine. Kwenye lango la mji alimkuta mama mjane akiokota kuni. Biblia inatutajia hata hesabu yake: kuni mbili. Hakujitwika mzigo. Aliokota za kutosha kupika unga wa mwisho aliokuwa nao.

Sisi hapa Nakivale tunaokota ngapi? Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1958. Tangu hapo Wanyarwanda, Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengine wamepika kwa miti ya vilima hivi vya Isingiro. Mama anatembea mbali, binti anakosa masomo, na porini kuna hatari. Mwenyeji akikuta mti wake umekatwa, ugomvi unaanza. Nanyi ndugu mliopanga Kamukuzi, Mbarara, msiseme hayawahusu: kilo moja ya makala imekula kilo 5 au zaidi za kuni kwenye tanuru.

Wengine wanasema, "Hapa si kwetu, siku moja tutarudi." Tunaomba iwe hivyo. Lakini katika Yeremia 29 Mungu anawaagiza waliohamishwa Babeli wapande bustani na kuutakia amani mji wanaokaa. Mti wa jirani ni sehemu ya amani hiyo.

Basi tuanze jikoni. Maharagi yaloweke tangu jioni, yataiva upesi. Kuni zipasue, uzianike zikauke. Sufuria ifunike. Zungushia mafiga udongo wa kichuguu uliochanganywa na nyasi, uache mlango mmoja wa kuni, ili upepo usiibe moto. Chakula kikiiva, chomoa kuni uzizime kwa mchanga; zitapika kesho. Nyuma ya nyumba panda hata mparachichi mmoja. Akina baba, kukanda udongo na kupanda miti si kazi ya mama peke yake.

Yule mjane alimgawia mkimbizi kidogo alichokuwa nacho, na unga wake haukuisha. Wenyeji wetu pia walitugawia ardhi. Tusiwalipe kwa kuwaachia vilima vitupu. Jioni hii, kabla ya kuwasha moto, kila nyumba ihesabu kuni zake, na iondoe moja.

Bwana awabariki. Amina.