Maji ya Udhu na Haki ya Jirani

Ndugu zetu Waislamu,

Sisi watu wa pwani twajua kuyachunga maji ya udhu. Mtoto akitia mguu mchafu katika birika la msikiti, wazee humkemea. Na ni vyema. Lakini tukisha kutoka nje, twaona taka zikimwagwa mtoni na hatutamki neno. Jee, ni dini gani hii iishiayo mlangoni mwa msikiti?

Mto Sabaki, umwagikao baharini karibu na Malindi, huko juu huitwa Athi, kisha Galana. Na mto wa Nairobi huingia humo pamoja na taka za jiji. Zinyeshapo mvua, udongo wa mashamba yasiyobakishwa miti huchukuliwa na maji, hata bahari ya Malindi ikageuka rangi. Na kando ya mto huo huo, katika visima vya Baricho, ndiko yatokako maji wanywayo watu wa Malindi, Kilifi na Mombasa. Twawalaumu walio juu, na lawama ni ya haki. Lakini na sisi twavijaza taka vijito vyetu, madhara yakawafikia wavuvi walio chini yetu.

Huenda mtu akasema: "Maji mengi hayanajisiki." Twamjibu: Wanavyuoni wetu wa Kishafii wamesema maji yaliyofika kulateni hayanajisiki ila yabadilikapo rangi, tamu au harufu. Lakini hiyo ni hukumu ya tahara. Haki ya jirani ni mlango mwengine. Maji yaweza kufaa kwa udhu, na bado yakamwua mtoto kwa kipindupindu. Na Mtume (S.A.W.) amekataza kudhuru, na ameonya watu wasiende haja penye maji, wala njiani, wala kivulini.

Dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake hufutwa kwa toba. Haki ya mja haifutiki mpaka mwenyewe alipwe au asamehe. Basi tutamtaka radhi vipi mtu wa chini ya mto, ambaye hata jina lake hatulijui?

Tuanze na yaliyo mikononi mwetu. Tusitupe taka mtoni, tusioshe magari humo, tusikate miti ya kingo. Na kamati za misikiti zitazame maji ya vyoo vyao yaishia wapi. Na wenye viwanda wachafuao mito tuwashitaki, kwani Katiba ya 2010 imempa kila mtu haki ya mazingira safi.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.