Kitufe cha Kurudi Nyuma

Kila nikishuka Kahama mjini nikitokea kwetu Ushetu, napita kwenye kibanda kimoja cha gemu karibu na stendi. Kijana anayekiendesha ananifahamu, na swali lake ni lile lile mwaka wa ngapi sijui: "Kaka, wewe si mwandishi wa habari? Hivi Fallout 5 inatoka lini?"

Huwa nacheka, maana ninachojua mimi ndicho anachojua kila shabiki. Fallout 4 ilitoka Novemba 2015. Mwaka 2022 Todd Howard, bosi wa Bethesda Game Studios, alisema ya tano itafuata baada ya The Elder Scrolls VI. Na hiyo The Elder Scrolls VI yenyewe, iliyotangazwa 2018, tumeisubiri hadi tumezoea kusubiri. Mtoto aliyezaliwa wakati Fallout 4 inatoka sasa anasoma shule ya msingi na anajua kuchunga ng'ombe.

Kwa msomaji ambaye mambo haya ni mageni: Fallout ni mfululizo wa magemu ulioanza 1997. Dunia imeteketea kwa vita vya nyuklia, na mchezaji anavaa uhusika wa mtu mmoja, mara nyingi aliyekulia kwenye handaki chini ya ardhi, anayetoka nje na kukuta magofu, maji yenye sumu, na watu. Hupelekwi kwa njia moja. Unachagua wewe umsaidie nani, umwibie nani, umwache nani afe. Ndiyo maana naliandika hapa, kwa watu wa vitabu. Ni fasihi ambayo msomaji ndiye anayeshika panga.

Matumaini ya mashabiki nayajua, maana ni yangu pia. Tunataka uandishi wenye uzito kama wa Fallout: New Vegas ya 2010. Tunataka majibu mengi ya kuchagua tunapozungumza na watu, tofauti na Fallout 4 ambako mara nyingi ulipewa manne, na unachosema hakikulingana sana na ulichodhani umechagua. Wasiwasi nao upo. Fallout 76 ilipotoka 2018 haikuwa na binadamu hai wa kuzungumza naye isipokuwa wachezaji wenzako. Watu waliongezwa Aprili 2020. Na tangu ile tamthilia ya televisheni ya Aprili 2024 ilete mashabiki wapya, wakongwe wanaogopa gemu lijalo litalainishwa ili lisimuudhi mtu. Hofu hii si mpya. Kabla ya Fallout 3 ya 2008 wakongwe wa wakati huo walilia hivyo hivyo.

Wasiwasi wangu mimi ni mdogo kuliko huo, lakini haunitoki. Unahusu kitufe kimoja.

Nilicheza Fallout 3 nikiwa nasubiri matokeo ya kidato cha sita, kwenye kompyuta ya duka la stationari, kwa CD ya kuchoma. Mle ndani kuna mji unaitwa Megaton, umejengwa kuzunguka bomu la nyuklia ambalo halijalipuka. Watu wanaishi, wanapika, wanagombana, bomu likiwa katikati yao. Ukiingia, mzee mmoja mwenye suti anaitwa Burke anakuahidi pesa na makazi ya kifahari ukilitega lilipuke, kwa sababu tajiri fulani anakerwa na mji ule akiutazama dirishani kwake. Ukitaka, unaweza badala yake kulizima, na sherifu wa mji atakupa nyumba.

Mimi nililipua.

Sikuwa na hasira na mtu. Nilitaka kuona tu. Niliona mwanga, wingu likapanda, mji haupo. Baadaye baba yako katika hadithi anakukaripia ukikutana naye. Nikakaa kidogo, nikasema "aisee", kisha nikabonyeza. Nilikuwa nimesevu kabla. Megaton ikarudi na watu wake wote, nikalizima bomu kama raia mwema, nikapewa ufunguo wa nyumba yangu. Siku hiyo nilitembea kwenda nyumbani nikiwa mwepesi kabisa.

Miaka ikapita, nikasoma chuo Mwanza, nikawa mwandishi wa habari wa mkoani, yule anayelipwa kwa stori na kukopa nauli. Mwaka 2019 nilikwenda kwenye mwalo mmoja katika ukanda wetu wa dhahabu. Jina lake nalihifadhi. Niliona ambacho kila mtu wa huku ameona: akina mama wanachanganya zebaki na mchanga kwa mikono mitupu, wengine watoto mgongoni. Zebaki inaishika dhahabu, donge linawekwa kwenye kikaango, linachomwa, moshi unakwenda pale pale watu wanapokula. Moshi huo unaharibu mishipa ya fahamu, na kwa mtoto aliye tumboni ni mbaya zaidi. Nikapiga picha, nikaandika. Haikuwa na neno la uongo hata moja.

Haikuisha wiki mbili, mwalo ukafungwa.

Sasa, kati ya wale akina mama alikuwepo shangazi yangu. Alitoka kijijini kwetu mwaka ambao mvua ilikataa na tumbaku ikakauka shambani, akaja kuosha marudio ili mwanawe wa pili amalize sekondari. Nilipokwenda mwaloni nilimsalimia, nikanywa uji wake, nikaondoka. Sikumwambia naandika nini. Nilijiambia kwamba mwandishi hapendelei ndugu. Nadhani ukweli ni kwamba niliogopa angeniomba nisiandike.

Yule mdogo wangu alikaa nyumbani muhula mzima. Na wachimbaji wengine hawakuacha zebaki. Walihamia porini zaidi, wanachomea huko ambako hakuna kamera. Kwa hiyo hata leo ukiniuliza kama nilifanya vizuri, sina jibu la neno moja. Moshi ule ulikuwa unaua. Kufungwa kwa mwalo nako kulimwacha mtu bila chakula. Vyote viwili ni kweli, na hakuna kinachokifuta kingine.

Nilipokwenda kumwona, shangazi alinipikia ugali na dagaa kama kawaida. Ananiita baba, kwa kuwa nilipewa jina la babu, baba yake. Tulipomaliza kula akaniambia, "Baba, ulichoandika ni kweli. Mikono hii ilishaanza kutetemeka hata wewe hujaja. Lakini ungeniambia tu. Ningejipanga."

Usiku ule nilitafuta kile kitufe. Siongei kwa mafumbo. Nililala nikiwaza kabisa kwamba kuna mahali nilipaswa kuwa nimesevu, pale uji ulipokuwa bado wa moto.

Baadaye nilimpa laki tatu za mtaji, akafungua genge la mchele na dagaa. Alipokea kwa mikono miwili, akanibariki. Na hapo ndipo nilipozirudia hizi Fallout kwa jicho jingine, nikagundua kwamba ndani ya mfululizo ule ule kuna mafundisho mawili yanayopingana kuhusu wema.

Fundisho la kwanza ni la Fallout 3. Kila tendo lina namba, inaitwa karma. Ukiiba inashuka, ukisaidia inapanda. Nje ya miji wapo omba-omba wanaolilia maji safi. Ukimpa mmoja chupa, namba inapanda. Yaani aliyelipua mji mzima anaweza, kwa uvumilivu na chupa za kutosha, kurudi kuwa mtakatifu. Kuna vichwa vinavyoamini hivyo hata huku kwetu. Mtu anadhulumu mwaka mzima, Desemba anagawa kilo mbili mbili za mchele na mpiga picha pembeni.

Fundisho la pili ni la New Vegas. Karma bado ipo, lakini chenye uzito ni sifa yako kwa kila kundi na kila mji. Na sifa ile haihesabiwi kwa kujumlisha na kutoa. Wema wako unaandikwa upande mmoja, ubaya upande mwingine, na kwa kawaida wema hauupunguzi ubaya. Ukiwatendea watu wa mji fulani yote mawili, hawakurudishi kwenye sifuri kama mgeni. Wanakuona mtu wa mchanganyiko, wanayemkaribisha huku wakimwangalia mikono.

Hivyo ndivyo kijiji kinavyokumbuka. Hakuna mtu Ushetu anayetunza namba moja ya maisha yangu. Mjini Kahama wapo wanaonisifu kwa ile stori. Kwenye genge la shangazi, wenzake waliokuwa naye mwaloni wananisalimia vizuri, wananiuzia mchele, na nikitoa simu mfukoni wananyamaza. Laki tatu hazikununua kile kimya. Wala sidhani zilipaswa kukinunua.

Basi wasiwasi wangu na gemu lijalo ndio huu: kwamba halitakumbuka. Dalili zipo. Katika Fallout 4 karma iliondolewa, sawa, sikuililia, lakini kumbukumbu ya miji kama ile ya New Vegas haikuwekwa mahali pake. Walibaki wasafiri wenzako wachache wanaopenda au kuchukia unachofanya. Na watu wengi muhimu hawafi. Unampiga mtu risasi, anapiga goti, anapumua, anainuka. Gemu linakulinda dhidi yako mwenyewe. Linahofia usije ukapoteza kipande cha hadithi uliyoilipia. Dunia imekwisha, magofu kila upande, lakini wewe binafsi huruhusiwi kuharibu kitu.

Nilimweleza haya yote yule kijana wa kibandani. Alinisikiliza huku akipanguza kidhibiti kwa tisheti yake, kisha akanijibu jambo lililonikalisha.

"Kaka, mimi maisha yangu hayana kusevu. Nikikosea hesabu ya kodi ya fremu, nimekosea. Bodaboda niliyoinunua ilipopata ajali, ndiyo ikaisha hivyo. Sasa hata kwenye gemu unataka nisirudie? Wewe una hamu ya majuto kwa sababu unayo machache."

Sikuwa na la kusema papo hapo. Ana haki. Kwa mtu ambaye kila kosa linamla mtaji, mahali ambapo kosa halina bei ni pumziko, na si kazi yangu kumnyang'anya. Anayedai gemu liwe gumu kama maisha, mara nyingi ni yule ambaye maisha yamempa nafasi ya kukaa.

Lakini nikiwa kwenye gari la kurudi nilifikiria vitabu. Kitabu nacho kina kitufe cha kurudi nyuma. Ukifungua tena ukurasa wa kwanza wa Rosa Mistika ya Kezilahabi, Rosa yupo hai, binti wa Ukerewe, hajafikwa na lolote. Ila wewe unajua. Unamsoma safari hii ukiwa umeshamzika. Kurudi nyuma kumemrudisha yeye, hakujakurudisha wewe.

Na ndivyo ilivyokuwa Megaton, kama ningekuwa mkweli wakati ule. Kitufe kilirudisha mji. Hakikunirudisha mimi. Aliyepokea ufunguo wa nyumba kwa sherifu alikuwa kijana ambaye dakika ishirini kabla alimlipua sherifu huyo huyo ili aone wingu linavyopanda. Nilichofuta ni ushahidi tu. Nilikuwa nimeshajua jambo fulani kunihusu, kwamba naweza kumuumiza mtu bila chuki, kwa hamu tu ya kuona kitakachotokea au kwa hamu ya kuipata stori. Ningelikumbuka jambo hilo mwaka 2019, ningempigia shangazi simu.

Kwa hiyo nimebadilisha ombi langu. Siombi kitufe kiondolewe. Kijana wa kibandani abaki nacho. Naombea gemu lenye watu walioandikwa vizuri kiasi kwamba, baada ya kukosea, utamani kubaki uone wanavyoishi na kosa lako, na wanavyokusalimia siku ya pili. Kitufe kiwepo, na uwe na sababu ya kutokibonyeza. Hilo halihitaji ramani kubwa wala picha kali. Linahitaji waandishi, na muda.

Linaweza lisiwe hivyo. Tunaosubiri tumejiandikia gemu letu vichwani kwa miaka zaidi ya kumi, na hakuna studio inayoweza kushindana na hilo. Hawatudai, nasi hatuwadai, zaidi ya wao kuwa wakweli katika kazi yao kama ninavyotakiwa mimi katika yangu.

Mwezi uliopita nilipata stori nyingine kwenye mwalo mwingine. Kabla ya kufungua kompyuta nilipiga simu nne. Wawili walinitukana. Mmoja aliniomba nisubiri hadi Jumatatu aondoe vitu vyake, nikasubiri. Wa nne alikuwa shangazi. Hayuko mwaloni tena, lakini nilitaka aisikie kwangu kwanza. Aliniuliza maswali matatu kuhusu wale akina mama, wana watoto wangapi, wanatoka wapi, wana shamba. Nilikuwa na jibu la moja tu.

"Basi rudi ukaulize, baba," akasema. "Halafu ndiyo uandike."