Kujinyima na Kuwa na Kiasi

Lipo swali ambalo huonekana dogo kwa kuwa ni la chakula, lakini kwa hakika ni swali la maadili: lipi gumu zaidi, kujinyima chakula au kula kwa kiasi? Wengi watajibu upesi kwamba kujinyima ndiko kugumu. Sisi twaona kinyume chake.

Kila baada ya muda huzuka mtindo mpya wa kupunguza unene. Mara wanga ndio adui, mara mafuta. Mara watu huambiwa wanywe maji ya ndimu tu kwa siku saba. Mitindo hii hutofautiana kwa majina, bali asili yake ni moja: huahidi tunda bila ya kungojea msimu. Na mtu anenepapo tena, mtindo haulaumiwi. Hulaumiwa yeye, kwamba hakuwa na moyo. Hapo ndipo penye dhuluma.

Mwili una hesabu zake. Mnamo 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, Ancel Keys na wenzake waliwachunguza wanaume 36 waliojitolea kula karibu nusu ya chakula chao kwa majuma 24. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Lakini pia walidhoofika, wakashikwa na huzuni na hasira, na mawazo yao yakawa juu ya chakula tu. Waliporudishiwa chakula, wengi wao walikula kupita kiasi. Hao hawakukosa moyo. Njaa ndiyo iliyodai deni lake.

Tulinganishe na habari nyingine. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walionyesha kwamba makondakta wa mabasi ya ghorofa mbili ya London, waliopanda na kushuka ngazi mchana kutwa, walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa kitini. Makondakta hao hawakuwa wanariadha, wala hakuna aliyewasifu. Siku hizi Shirika la Afya Duniani huwashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila juma: yaani mwendo wa nusu saa, siku tano.

Hapa lugha yetu yatufunza. Neno kiasi lina maana mbili: kipimo, na tabia ya mtu asiyezidisha mambo. Kujinyima kuna siku ya mwisho na kuna mashahidi. Kiasi hakina mwisho wala wapiga makofi. Ni sahani ya ndizi au ugali, maharagwe, sombe na tunda. Ni kwenda sokoni kwa miguu. Tena ni chakula kinacholiwa pamoja na watoto na wageni, ilhali mfuasi wa mtindo aghalabu hula peke yake.

Hatusemi kwamba unene ni kosa, wala kwamba mgonjwa asitii agizo la daktari wake. Lakini tunapofundisha kwamba haba na haba hujaza kibaba, tusiikomeshe methali hiyo kwenye akiba ya fedha. Mwanafunzi anayekuja darasani na njaa ili apate umbo aliloliona pichani anahitaji kuisikia pia, tena kutoka kwa mtu asiyemcheka.