Je, Mungu wa Ufaransa ni Tofauti na wa Kwetu?

Mwaka uliopita shangazi yangu, ambaye kwetu Uganda tunamwita Senga, alipokea kiinua mgongo baada ya kufundisha shule ya msingi kwa miaka 31. Katika fedha hizo alitenga shilingi milioni 15 ili ajiunge na kundi la waamini waliokuwa wakienda kuhiji Lourdes, Ufaransa, na kisha Roma. Ukoo ulikutana. Mimi, niliyekuwa nikidaiwa karo ya muhula mzima, nilisema kwa sauti kubwa kuliko wote. Nilimuuliza, "Senga, Mungu wa Ufaransa ni tofauti na wa kwetu?" Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Insha hii ni jaribio la kulijibu swali hilo, kwa sababu siku ile sikuliuliza ili nipate jibu.

Hoja yangu haikuwa ngeni. Katika karne ya nne, Mtakatifu Gregori wa Nyssa aliandika barua akiwaonya waamini kwamba kubadilisha mahali hakumleti Mungu karibu zaidi. Mtakatifu Yeronimo, ambaye mwenyewe aliishi Bethlehemu, alimwandikia rafiki yake kwamba mbingu inafikika kutoka Uingereza sawa na kutoka Yerusalemu. Na katika Injili ya Yohane, mwanamke Msamaria anapouliza ni mlima gani wa kuabudia, Yesu hamtajii mlima wowote. Kama ni hivyo, nauli ya ndege ni ya nini?

Hoja ya pili ni ya fedha. Basilika ya Mtakatifu Petro iliyopo leo ilianza kujengwa mwaka 1506 na ikatabarukiwa mwaka 1626. Sehemu ya gharama zake ilitokana na michango iliyokusanywa kwa kuhubiri rehema, hasa kule Ujerumani. Mwaka 1517 Martin Luther aliuliza kwa nini Papa, aliyekuwa tajiri, asijenge kanisa hilo kwa fedha zake mwenyewe badala ya fedha za waamini maskini. Mtu anaweza kuipenda Roma kwa moyo wote na bado akakiri kwamba swali hilo lilikuwa la haki. Leo nalo linarudi kwa sura nyingine: Mfaransa mzee hupanda treni tu akafika Lourdes, lakini Senga alitakiwa kuonyesha taarifa za benki na kuthibitisha kwamba atarudi nyumbani. Mlango wa patakatifu u wazi kwa wote, ila njia ya kuufikia ina bei, na bei hiyo si moja kwa kila mtu.

Hata hivyo, nilipozichunguza hoja zangu nikiwa peke yangu, niliona nyufa ndani yake.

Ni kweli kwamba Mungu yuko kila mahali. Binadamu, lakini, hayuko kila mahali. Tuna mwili, na mwili hukumbuka kwa kugusa na kwa kutembea. Ninaweza kumkumbuka marehemu babu nikiwa bwenini, ila nikirudi kijijini huenda kwanza kwenye kaburi lake, na hakuna anayeniambia kwamba babu hayumo humo. Roma kuna sanamu ya shaba ya Mtakatifu Petro ambayo mguu wake umelainika na kupoteza umbo kwa sababu ya mikono na midomo ya mahujaji wa karne nyingi. Nilikuwa nikiuona ule mguu kama ushahidi wa ujinga. Sasa naona kwamba Mungu hahitaji mahali. Sisi ndio tunaohitaji.

Kuhusu fedha, Injili inasimulia juu ya Mariamu wa Bethania aliyempaka Yesu miguu kwa marhamu ya thamani ya dinari 300. Mmoja akalalamika kwamba yangeuzwa, maskini wapewe. Maneno yalikuwa mazuri sana, lakini msemaji alikuwa Yuda, na mwinjili anaeleza wazi kwamba hakuwa akiwajali maskini. Nilijiona humo. Mwaka huohuo ukoo wetu ulifanya arusi yenye mahema, muziki na ng'ombe wawili, wala hakuna aliyeitisha kikao. Tuliwakumbuka maskini pale tu mjane alipotaka kutumia jasho lake kwa ajili ya sala. Na "maskini" niliyemtetea kwa nguvu zote nilikuwa mimi mwenyewe.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha suala lenyewe. Kuna tofauti kati ya deni na tamanio. Kama Senga angeacha madeni yake bila kulipa, au angeuza shamba linalowalisha watoto wadogo, hija yake ingekuwa dhuluma, hata kama angefika Lourdes kwa magoti. Vilevile, wanaoandaa safari hizi hutenda vibaya wakimshawishi mtu wa kipato cha chini akope ili asikose baraka. Lakini karo yangu haikuwa deni la Senga. Ilikuwa tamanio langu, nami nililivalisha nguo za haki. Kutoa ni moyo, wahenga walisema, na moyo wa mtu haupigiwi kura kikaoni.

Historia ya Lourdes yenyewe inamtahadharisha anayekwenda huko kununua muujiza. Mwaka 1858 Bernadette Soubirous, binti wa miaka 14, alisema amemwona Bibi katika pango la Massabielle mara 18. Familia yake ilikuwa fukara, ikiishi katika chumba kimoja kilichowahi kuwa gereza. Maji ya chemchemi ya pale yalipimwa mwaka uleule yakaonekana ni maji ya kawaida, na hadi leo mahujaji huyachota bure. Watu zaidi ya 7,000 wameripoti kupona. Kufikia mwaka 2018 Kanisa lilikuwa limetambua miujiza 70 tu. Bernadette mwenyewe aliondoka mwaka 1866 kwenda utawani Nevers, akaugua sana, akafa mwaka 1879 akiwa na umri wa miaka 35. Hakurudi tena Lourdes. Yeye aliyeuonyesha ulimwengu mahali pale aliweza kuishi na kufa mbali napo.

Kanisa nalo limejibu swali langu kwa vitendo. Mwaka 2015 Papa Fransisko alifungua Mlango Mtakatifu Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mji uliokuwa ukivuja damu, kabla ya kufungua ule wa Roma. Na katika Jubilei ya mwaka 2025, kanuni za rehema zilieleza kwamba anayemtembelea mgonjwa, mfungwa au mzee mpweke ni kana kwamba anamhiji Kristo aliyemo ndani yao.

Senga alikwenda mwezi Mei. Alirudi na chupa ndogo ya maji, na goti lake bado linauma. Nilitarajia atasimulia ukubwa wa makanisa. Badala yake alisimulia jinsi wagonjwa wanavyotangulizwa mbele katika maandamano, na juu ya kijana aliyemsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Alipouliza analipwa kiasi gani, aliambiwa kwamba kijana yule amejilipia nauli mwenyewe ili aje asukume wagonjwa. "Alikuwa wa umri wako," Senga aliniambia, akanyamaza.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu kuna mzee aliyepooza. Miaka yote nimepita mlangoni pake nikielekea barabarani, na siku nilipoingia kumsalimu alilazimika kuniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Kwa hiyo swali langu la kikaoni nalijibu hivi: Mungu wa Ufaransa ndiye huyohuyo wa kwetu. Aliyemfuata kule hakukosea, nasi tuliobaki hatuna kisingizio.